Matao ya jenomu: jalizi ya JBrowse 2, IGV au UCSC?

Mbu aina ya Anopheles gambiae ana mgeuko mmoja mkubwa katika mkono wa kushoto wa kromosomu ya pili. Wataalamu wanauita 2La. Ni kipande cha DNA chenye herufi zaidi ya milioni 21 ambacho kwa baadhi ya mbu kilikatika, kikapinduka, mwanzo ukawa mwisho, kikajiunga tena palepale. Kwenye jenomu rejea (ile ya kulinganishia) kinaanzia karibu na nafasi ya 20,524,000 na kuishia karibu na 42,165,000.

Kijana mmoja anayefanya mafunzo kwa vitendo nasi hapa Tanga alipewa kazi ya kuuonyesha mgeuko huo kwenye skrini. Akauchora kama upau. Akakuza, akakuza tena, kisha akaniita.

"Kaka, hii programu imegoma. Inaonyesha bluu tupu."

"Hiyo bluu ndiyo mgeuko wenyewe."

"Mimi nilidhani ni rangi ya dirisha."

Sikumlaumu. Alikuwa kama mtu aliyesimama katikati ya barabara ya lami akiuliza barabara iko wapi. Upau unafaa kuonyesha jeni, kwa sababu jeni ina mwili, na kila herufi yake inahusika. Mgeuko haumo mwilini. Habari yake iko sehemu mbili tu, pale ulipokatika mwanzo na pale ulipokatika mwisho, na hayo mamilioni ya katikati yamebaki kama yalivyo, yamegeuzwa tu mwelekeo. Kinachotakiwa hapo ni tao. Tao linasimama kwa miguu miwili, na jicho linakwenda moja kwa moja miguuni.

Kazi za matao ni nyingi kuliko migeuko. Kipande kilichofutika (kifuto) kinachorwa kwa tao. Eksoni mbili, yaani vipande vya jeni vinavyobaki RNA inapokatwa na kuunganishwa upya, zinachorwa kwa tao. Hata swichi ya DNA inayowasha jeni iliyo mbali nayo: waliochapisha jenomu ya silikanti mwaka 2013 walichukua kipande cha udhibiti kutoka kando ya kundi la jeni za HoxD za samaki huyo, wakakipandikiza kwa panya, nacho kikawaka kwenye miguu ya kijusi inayochipuka. Uhusiano wa namna hiyo, swichi huku na jeni kule, hauna mchoro mzuri zaidi ya tao. (Sisi watu wa Tanga tuna haki ya kumtaja silikanti kila tunapopata upenyo. Hifadhi yake ya bahari iko hapa kwetu tangu 2009.)

Basi swali lililobaki ni la zana. Nimekaa na programu tatu za kuonyesha jenomu kwa muda sasa: JBrowse 2 pamoja na jalizi yake (plugin, kipande cha programu kinachoongezwa) ya matao, IGV katika sura zake mbili, na kivinjari cha jenomu cha UCSC, Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Nimezitumia kwenye laptopu ya RAM ya GB 8, kwa intaneti ya bando, katika ofisi ambayo umeme ukikatika tunasikilizia kwanza kama jenereta la jirani limewaka. Hayo masharti nayataja mapema kwa sababu yanaamua mengi.

Urefu wa tao unasema nini

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na ndipo zana hizi zinapotofautiana kuliko popote. Chukua faili moja lilelile, lenye viungo vilevile (jozi za miguu), lifungue kwenye programu mbili. Utapata matao marefu kwenye moja na mafupi kwenye nyingine, na zote mbili ziko sahihi.

Jalizi ya JBrowse 2, usipoigusa, inapima urefu wa tao kwa umbali kati ya miguu, lakini kwa logi. Kanuni yake ni logi ya umbali, ya msingi wa 10, mara 50, kwa pikseli. Kifuto cha herufi 1,000 kinapata 150. Mgeuko wetu wa 2La, ambao ni mrefu mara elfu ishirini na zaidi, unapata kama 367. Mkubwa haufiki hata mara mbili na nusu ya mdogo. Hilo ni jambo zuri, maana ingekuwa vinginevyo kifuto kingekuwa nukta na mgeuko ungetoka nje ya nyumba. Ila anayeangalia picha bila kujua kuna logi atadhani tofauti ni ndogo.

Idadi ya ushahidi, yaani alama iliyo kwenye safu ya tano ya faili la BED (maandishi ya safu: kromosomu, mwanzo, mwisho, jina, alama), jalizi inaiweka kwenye unene wa mstari, nayo pia kwa logi, ila ya asili. Alama 10 inatoa mstari wa pikseli mbili na ushee. Alama 1,000 inatoa kama pikseli saba. Unaona tofauti, lakini huwezi kuhesabu kwa macho.

IGV ina mitindo miwili mikuu. Ule wa matao yaliyofunikana unapanga kwa umbali, mapana juu ya membamba, kama sufuria za seti moja. Ule wa uwiano unafanya kinyume cha JBrowse: urefu unatokana na alama, na pembeni unapata mizani ya kusomea. Kiungo kifupi chenye ushahidi mwingi kinapanda juu, na kiungo kipana chenye ushahidi haba kinabaki chini, kimelala kama daraja.

UCSC wenyewe wanafuata umbali. Alama ya 0 hadi 1,000 inaingia kwenye ukolezaji wa rangi ukitaka, na safu ya rangi unaijaza mwenyewe.

Kwa hiyo kama swali lako ni "kiungo kipi kina ushahidi zaidi?", IGV kwa mtindo wa uwiano inakupa jibu bila kuhangaika. Kama swali ni "viungo hivi vinafika wapi?", JBrowse na UCSC ziko mbele. Nimeona mawasilisho ambamo mtu alisema "hili tao refu ndilo lenye nguvu" huku programu iliyochora ikipima umbali. Ukumbi mzima ukaitikia kwa vichwa.

JBrowse 2 na jalizi yake

JBrowse 2 imejengwa kwa jalizi tangu msingi. Hata vitu unavyodhani ni vya programu yenyewe, kama kusoma faili za BAM (zenye vipande vya DNA vilivyosomwa na mashine) au kuchora duara, ni jalizi zilizofungashwa ndani. Ya matao ni mojawapo, kwa hiyo huhitaji kuitafuta mahali. Unafungua traki yako ya BED (traki ni ukanda mmoja wa data kwenye dirisha), unaingia kwenye menyu ya traki hiyo, unatafuta aina za mwonekano, unachagua Arc display. Basi. Mstari mmoja wa faili unatosha kujaribia:

2L    20524057    42165532    2La    500

Tumia tabo kati ya safu, wala si nafasi. Kosa hilo linakula saa nzima ya mtu mzima.

Kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni kwamba matao yake, katika toleo ninalotumia, yananing'inia. Miguu iko juu, tumbo liko chini, kama kamba ya kuanikia nguo iliyolegea. Aliyezoea matao ya veranda za majengo ya zamani hapa mjini atasema limepinduliwa. Utazoea, na lina faida yake: ukiweka traki ya jeni juu yake, miguu ya tao inagusa jeni moja kwa moja. Kitu cha pili ni kwamba traki ikiwa fupi tao linakatwa tumbo. Vuta ukingo wa chini wa traki mpaka lionekane lote.

Kitu cha tatu ni maandishi. Jalizi huandika alama katikati ya tao. Kijana wetu alipoonyesha picha yake kwa wenzake, kila aliyepita aliuliza "500 nini?" Ilibidi tubadilishe ili iandike jina badala ya alama, na hapo ndipo utamu wa jalizi hii ulipo. Rangi, unene, urefu na maandishi, vyote vinakubali kanuni ndogo unazoandika mwenyewe kwenye faili la mipangilio. Kwa mfano huu wa rangi:

"color": "jexl:get(feature,'score') > 20 ? 'darkred' : 'gray'"

Maana yake: kiungo chenye alama zaidi ya 20 kiwe chekundu cha kukolea, kilichobaki kiwe kijivu. Huhitaji kujua kupanga programu, unahitaji kunakili kwa uangalifu na kuhesabu mabano. Sijaona zana nyingine kati ya hizi tatu inayokupa uhuru huo kwa mstari mmoja. Kwenye IGV rangi inatoka kwenye faili au kwenye menyu. Kwenye UCSC unaijaza safu kwa safu. Hapa unaitawala data yako kwa sharti, na ukibadili mawazo unabadili sharti tu, faili linabaki kama lilivyo.

Uhuru huo una bei yake. Faili la mipangilio ni JSON, maandishi ya mabano na koma, na koma moja ya ziada inaangusha kila kitu. Toleo la mezani, JBrowse Desktop, linakuepusha na mengi kwa sababu mipangilio unaihariri ndani ya programu. Unaisakinisha mara moja, ukishaisakinisha haidai intaneti tena, na mafaili unayafungua kutoka kwenye diski yako. Mtu anayefanya kazi peke yake ningemwambia aanzie hapo na asiende mbali.

Toleo la wavuti lina kisa. Tulitaka kompyuta moja kwenye chumba cha mafunzo ihudumie nyingine kumi kupitia ruta tu, bila intaneti. Kwa nadharia ni rahisi: JBrowse ya wavuti ni folda ya mafaili yaliyotulia, haina hifadhidata nyuma yake. Nikawasha seva ndogo inayokuja na Python, ile kila mtu anayoifahamu. Ukurasa ukafunguka vizuri, orodha ya traki ikaja, kisha jenomu ikakataa kusomeka na kila traki ikatoa kosa. Nilishinda nayo mpaka adhana ya alasiri. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha kivinjari, nikamlaumu mtu wa ruta, maskini, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Tatizo lilikuwa hili: JBrowse haisomi faili zima. Inasoma faharasa, kisha inaomba kipande, "nipe baiti kuanzia hapa hadi pale". Ile seva ya Python haikuelewa ombi la kipande, ilikuwa inarudisha faili zima kila mara. Nikaweka nginx, seva nyingine, ambayo inaelewa, na kazi ikaisha kwa dakika kumi. Usidhani pia kuwa utabonyeza tu faili la HTML mara mbili na mambo yaende. Hayaendi, lazima kuwe na seva.

Na ukiongeza jalizi ya nje, isiyofungashwa ndani, kumbuka kwamba kwenye mipangilio inaandikwa kwa anwani ya wavuti. Bando likiisha, au ukiwa Kigombe ambako mtandao unakuja na kuondoka kama maji ya pwani, programu itatafuta anwani hiyo na kukosa. Pakua faili la jalizi, liweke kwenye folda yako, andika anwani ya hapohapo. Jalizi ni msimbo unaotembea ndani ya kivinjari chako na kuona kila data uliyofungua, kwa hiyo chukua ya watu unaowaamini.

IGV, ya mezani na ya ukurasa

IGV ya mezani ni ya Java, na ukipakua ile yenye Java ndani yake huna la kusakinisha zaidi. Fungua faili la BEDPE, matao yanatokea hapo hapo. BEDPE ni faili la safu kumi ambalo kila mguu una kromosomu yake, mwanzo wake na mwisho wake, hivyo mguu unaweza kuwa na upana, wakati BED ya kawaida ina nukta mbili tu. Kwa data ya migusano ya DNA, ambako mguu ni eneo la maelfu ya herufi, hilo ni muhimu.

Ningeichagua IGV kila mara ninapotaka kubishana na tao. Programu ya uchambuzi imekwambia kuna kifuto kati ya hapa na pale. Kweli? Shuka kwenye mguu wa kushoto, weka traki ya BAM chini yake, tazama vipande vilivyosomwa. Vinakatika pale? Wingi wake unashuka? Jozi zake ziko mbali kuliko kawaida? JBrowse nayo inaweza haya yote, lakini mkono wangu ni mwepesi zaidi kwenye IGV, na nikiri kwamba huenda ni mazoea ya miaka tu.

Ile ya ukurasa, igv.js, ni kwa anayetaka kupachika picha hai ndani ya ukurasa wake. Ina jambo moja ambalo wengine wangeliiga: unaweza kuiambia ichore tao pale tu miguu yote miwili ikiwa dirishani, au ukalegeza, angalau mguu mmoja. Kwenye data yenye viungo vingi hiyo ni nafuu kubwa. Bila hiyo, ukikuza eneo dogo unapata mistari mitupu inayopita juu kutoka pasipojulikana kwenda pasipojulikana, miguu yote iko nje. Kwenye traki ya BED ya JBrowse ndivyo ilivyo: tao linalokufunika linaonyeshwa hata kama huoni mguu wake wowote.

Na kama hutaki kupachika chochote, IGV ipo pia kama programu ya wavuti iliyo tayari. Faili ulilolichagua kutoka kwenye kompyuta yako linasomwa hukohuko kwenye kivinjari, halipandishwi kokote.

UCSC na bando lako

UCSC ni hadithi nyingine. Hupakui jenomu, imeshakaa kwao California. Hilo si dogo. Jenomu ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ni kama herufi milioni 23 katika kromosomu 14, na faili lake la FASTA, lenye herufi hizo, ni kama MB 23, unalipata hata kwa bando la siku. Ya mbu huyu ni zaidi ya mara kumi ya hiyo. Ya binadamu ni GB 3, na ya silikanti inaikaribia. Mwanafunzi anayetaka kuangalia silikanti kwa jioni moja asinunue bando la kupakua GB karibu tatu. UCSC wanaye tayari, na jeni zimeshaandikwa.

Matao yao yanatumia mfumo unaoitwa interact. Safu 18. Ndiyo, kumi na nane. Tano za kwanza ni kama BED, kumi na tatu zinazofuata zinaeleza mguu wa chanzo na mguu wa lengo: kromosomu, mwanzo, mwisho, jina, uelekeo, kwa kila mmoja, pamoja na thamani, aina ya jaribio na rangi. Ni kazi kuzijaza, lakini unapata kitu ambacho BED haina: chanzo na lengo. Swichi ni chanzo, jeni ni lengo, na kiungo kinachorudi nyuma kinaweza kuchorwa kwa vistari vilivyokatika. Umbo unalichagua mwenyewe: mkunjo, duaradufu au mstatili.

Lakini kila mguso wa kipanya ni safari ya kwenda na kurudi. Kwenye mtandao mzuri hulihisi hilo. Saa mbili usiku, kila mtu mtaani akiwa mtandaoni, utaenda kununua kahawa na kashata, urudi, picha bado inajichora. Traki uliyoipandisha bila kuihifadhi ndani ya kikao inaondolewa baada ya saa 48 bila kuguswa. Na faili limetoka kwako limekwenda Marekani. Kwa jenomu ya samaki hakuna neno. Kwa data iliyotokana na damu ya wagonjwa, angalia kwanza kibali chako cha utafiti kinasema nini, hata kama faili lina namba za nafasi tu.

Miguu inapokuwa kwenye kromosomu mbili, au ikiwa mmoja

Huku Tanga na Bagamoyo wapo wengi wanaoshughulika na malaria, na wengi wao siku moja watakutana na jeni za hrp2 na hrp3. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu na mistari miwili, mara nyingi kinatafuta protini ya HRP2. Kimelea kilichopoteza jeni hizo kinaweza kumfanya mgonjwa aonekane hana malaria. Kwa hiyo watu wanachora vifuto vya hrp2 na hrp3, na wanachora kwa matao. Mara nyingine wanakosea.

hrp2 iko karibu na ncha ya kromosomu ya 8. Zipo aina za vifuto ambako kromosomu imekatika kabla ya jeni na ncha yote imepotea, kisha kimelea kikaifunga upya kwa ncha nyingine. Hapo kuna mkato mmoja tu. Ukichora tao kutoka kwenye mkato hadi mwisho wa kromosomu, unasema sehemu hizo mbili zimeungana, na hazijaungana. Huo mchoro ni uongo, hata kama programu imekubali kuuchora. Tumia upau. Ndiyo, upau uleule niliomkataza kijana kwenye mgeuko. Hapa kipande chote kimekwenda, basi mwili wote unahusika.

hrp3 iko karibu na ncha ya kromosomu ya 13, na kwa baadhi ya vimelea kilichotokea ni kwamba kipande cha kromosomu ya 11 kimeingia mahali pa ncha ya 13. Miguu miwili, kromosomu mbili. Faili la BED haliwezi hata kuliandika hilo, kwa sababu mstari mmoja una kromosomu moja. Unahitaji BEDPE au VCF (faili la orodha ya tofauti za DNA). UCSC, kwa kuwa inaonyesha kromosomu moja kwa wakati, inachora kijisanduku pale mguu ulipo na kuandika jina la upande wa pili, ukaushughulikie mwenyewe. Ni heshima, lakini si picha.

Hapa JBrowse inazipita zote, ila kwa sababu nyingine, si ile jalizi ya matao niliyoieleza juu. Inaweza kufungua maeneo mawili ya kromosomu tofauti ubavu kwa ubavu katika dirisha moja, kisha mwonekano wa matao ya jozi unaunganisha mguu wa huku na wa kule. Inaweza pia kuziweka kromosomu moja juu na nyingine chini na kuvuta mistari kati yake, ukaona na vipande vilivyosomwa vikivuka. Na ipo ya duara, kromosomu zote zimezunguka na nyuzi zinapita katikati. Duara linapendeza kwenye bango la mkutano. Kwa kusoma, sijalipenda kamwe. Hilo ni langu.

Kabla sijasahau: BED inahesabu kuanzia sifuri, VCF kuanzia moja. Ndiyo maana mstari niliouandika juu una 20524057 wakati mwenzako mwenye VCF ataandika 20524058. Kwenye mgeuko wa milioni 21 hakuna atakayeona. Kwenye eksoni, mguu wa tao utasimama herufi moja nje ya mlango, na mkaguzi mwenye jicho kali atakuuliza.

Nani achukue ipi

Kama una faili moja, unataka kujua tao hili ni la kweli au la, na huna nia ya kumwonyesha mtu, chukua IGV ya mezani. Usijisumbue.

Kama kiumbe chako kipo UCSC, intaneti yako inaaminika, na unahitaji kuona viungo vyako kando ya data za watu wengine, nenda UCSC na uvumilie safu 18. Kwa silikanti ningefanya hivyo, nikijua kwamba mkusanyo wa jenomu yake uliochapishwa 2013 umekaa vipande vipande, haujafika kromosomu nzima, kwa hiyo kiungo chenye mguu kwenye kipande kingine hakitakuwa na pa kusimama, kwenye programu yoyote ile.

Kama unachora mara kwa mara, kwa wengine, na kila picha ina sharti lake la rangi na unene, jalizi ya JBrowse inalipa gharama ya kuijifunza. Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi kwenye chumba chetu cha mafunzo: jenomu ya kimelea na ya mbu ziko kwenye kompyuta moja, nginx inawahudumia wengine, bando halihusiki. IGV imebaki kwenye mashine ya kila mtu kwa ajili ya ubishi.

Mwenzangu mmoja ambaye haachi kutania aliuliza, "Mgosi, yote haya kwa mstari uliopinda?" Nikamwonyesha picha ya kwanza ya kijana, ile ya bluu tupu, na ya pili. Ya pili kijana aliitoa kama SVG ili isichakae ikichapishwa, na chini yake akaandika mwenyewe, bila kuambiwa: urefu wa tao ni umbali kwa logi, unene ni idadi ya ushahidi, rangi nyekundu ni zaidi ya 20.